Choka Mbaya: Chambo Kinachommaliza Mvuvi Kabla ya Samaki

Leo naomba tuongelee kuchoka. Sisemei kuchoka kwa foleni za Dar wala kwa kukesha chumba cha habari. Nasemea kuchoka kwa mtu aliyetoa pesa yake mwenyewe mfukoni ili achoke.

Ukimwambia mtu wa mjini kwamba kuna watu wanavua samaki kwa ajili ya mchezo, picha inayomjia ni ile ile. Mzungu kavaa kofia pana, kakaa kwenye kiti nyuma ya boti, kopo la kinywaji baridi mkononi, na fimbo ya kuvulia imechomekwa pembeni inajivulia yenyewe. Picha hiyo si ya uongo. Uvuvi wa kurambaza, ambapo boti inakokota chambo nyuma yake, unakwenda hivyo hivyo. Injini ndiyo inayofanya kazi. Mvuvi anasubiri rili ilie, kisha anasimama.

Lakini upo uvuvi mwingine wa mchezo ambao hauna kiti wala kopo. Huo ni wa kusimama, kurusha na kuvuta, kurusha na kuvuta, toka jua linachomoza mpaka vidole vinakataa kufunga kifungo cha shati. Msimu wa kaskazi uliopita nilitoka na boti za namna hiyo mara tatu, kutoka Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kwenda Leven Bank, ule mlima uliozama baharini kati ya Unguja na Pemba. Mara ya kwanza nilifuata stori. Mara ya pili na ya tatu nilikwenda kwa sababu kuna jambo lilikuwa linanisumbua, na nitalifikia taratibu.

Tuanze na chanzo cha uchovu wenyewe. Ukiweka kibua aliye hai kwenye ndoana, kibua anahangaika mwenyewe, na kuhangaika kwake ndiko kunakomwita samaki mkubwa. Ukirambaza, injini inakipa chambo mwendo. Lakini ukishika chambo bandia cha kurusha, umeshika kipande cha mti au cha risasi. Hakina roho. Hakiogelei, hakiogopi, hakikimbii. Uhai wote atakaouona samaki pale unatoka begani kwako, kwenye kiwiko chako na kwenye kifundo cha mkono wako. Ukiacha kuvuta, kimekufa. Kwa hiyo kutwa nzima unakikopesha kipande cha mti uhai wako, na jioni ndipo unapojua deni ni kiasi gani.

Chambo cha kwanza kunitoa jasho kinaitwa popa. Ni mti au plastiki iliyochongwa mfano wa samaki, lakini uso wake umechimbwa kama kikombe. Ukiivuta kwa nguvu juu ya maji, kikombe kile kinasukuma maji mbele yanalipuka kama mtu katupa jiwe kisimani. Shabaha yake ni kolekole mkubwa, yule ambaye wavuvi wa mchezo duniani wanamwita kwa herufi mbili tu, GT. Huyu si samaki wa kubembelezwa. Mwaka 2017, filamu ya BBC iitwayo Blue Planet II iliwaonyesha kolekole wa Shelisheli wakiruka kutoka majini na kuwadaka ndege wa baharini. Samaki wa namna hiyo akisikia kishindo juu ya kichwa chake haji kuuliza, anakuja kupiga. Wahenga walishasema, hasira za mkizi furaha ya mvuvi, na kwa kolekole msemo huo unafaa vilevile. Rekodi ya dunia ya kolekole aliyevuliwa kwa fimbo ni kilo 72.8, aliyepatikana mwaka 2006 katika visiwa vya Tokara huko Japani.

Sasa njoo kwenye mkono. Popa niliyopewa ilikuwa na gramu 150, kama chungwa dogo. Fimbo ilikuwa ndefu kunizidi, na rili nzito kama pasi. Unarusha, popa inatua mita kama 60 mbele. Kisha unaanza: vuta kwa nguvu, kusanya uzi, vuta, kusanya. Kila mvuto unailete popa karibu mita moja na kidogo, kwa hiyo mrusho mmoja ni mivuto kama 50. Asubuhi ile nilihesabu mirusho 40. Fanya hesabu mwenyewe, ni mivuto 2,000 kabla ya chai ya saa nne. Na kolekole aliyejitokeza ni mmoja tu. Akaipiga popa, akaikosa, akaenda zake.

Kinachoumiza kuliko uzito ni maji. Maji yana tabia moja mbaya: ukiongeza kasi ya kitu mara mbili, upinzani wake unaongezeka karibu mara nne. Ndiyo maana chambo chochote kilichoundwa kupambana na maji kinachosha, hata kikiwa chepesi kiganjani. Kuna vyambo vyenye mdomo mpana wa plastiki unaokizamisha kila ukivuta, unakuwa kama unavuta sahani kwenye ndoo. Kuna vile vyenye vibati viwili vikubwa vinavyozunguka, wanavyovipenda Wamarekani wa kule kwenye maziwa ya kaskazini wanaomtafuta samaki aitwaye muskellunge. Samaki huyo wamempa jina la utani, samaki wa mirusho 10,000. Unarusha na kuvuta vibati siku nzima, pengine siku tatu, na malipo yako ni kumwona akikifuata chambo mpaka ubavuni mwa boti kisha anageuka. Watu wanarudi nyumbani na viwiko vimevimba, na mwakani wanarudi tena.

Chambo cha pili ni jigi. Hili ni kipande kirefu cha risasi kilichopakwa rangi ya fedha au waridi, chenye ndoana juu. Unaliacha lizame wima mpaka chini kabisa, halafu unalipandisha kwa mshtuko, mvuto mmoja kwa kila mzunguko wa rili, ili lionekane kama samaki mdogo anayekimbia kuokoa roho yake. Mtindo huu Wajapani ndio walioukuza mpaka ukaenea duniani. Hapa kwetu unawaleta jodari, chewa, kolekole na wengine wa kwenye kina.

Pembeni ya Leven Bank tulikuwa tunavua kwenye mita 80. Rili inakusanya kama mita moja kwa mzunguko, kwa hiyo kulipandisha jigi mara moja ni mivuto 80. Jigi lina gramu 250. Ukilishusha na kulipandisha mara 20, umevuta mara 1,600, na kwa hesabu ya juu juu umeinua kilo 400. Magunia manne ya kilo mia mia, robo kilo robo kilo, ukiwa umesimama juu ya boti inayoyumba, na mkondo unakuvutia uzi pembeni. Mteja mmoja kwenye boti ile, jibaba lenye kifua kama mlango, alidumu dakika 25. Akakaa chini kimya, akamwagiwa maji kichwani. Choka mbaya.

Hapo samaki bado hajala. Akila, kuna hesabu nyingine ambayo wengi hawaijui. Tunadhani fimbo inamsaidia mvuvi. Kwenye kurusha inasaidia kweli, lakini kwenye kuvutana fimbo iko upande wa samaki. Ni wenzo, na yeye ndiye ameshika ncha ndefu. Chukua fimbo ya mita 2.4, kitako chake kiko kiunoni, na mkono wako wa mbele umeshika sentimita 60 kutoka kitakoni. Samaki akivuta kilo 10 kule nchani, na fimbo ikiwa imenyooka wima kwake, mkono wako unabeba mara nne, yaani kilo 40. Fimbo ikipinda, urefu unapungua na mzigo unapungua. Ukiielekeza chini kwa samaki, unapungua zaidi. Ndiyo sababu fimbo za jigi ni fupi. Kwa fimbo ya mita 1.6 na mkono pale pale, kilo 10 za samaki ni kama kilo 27 tu. Mvuvi wa mshipi wa mkono, asiye na fimbo kabisa, kilo 10 kwake ni kilo 10. Ila anazilipa kwa ngozi ya vidole.

Mtu atauliza, kwa nini wasitumie uzi mwembamba na breki laini, wakamwacha samaki akimbie mpaka achoke mwenyewe? Hilo nalo lina jibu, na lilinipendeza. Kolekole wengi wanaovuliwa kwa mchezo hurudishwa majini. Samaki aliyepigana muda mrefu anaachiwa akiwa hoi bin taabani, na papa wanamsubiri. Kwa hiyo wanafunga breki kali na kutumia uzi wa kusuka wenye nguvu ili mapambano yaishe mapema. Uchovu unahamishwa kutoka kwa samaki kwenda kwa mtu. Huo ni uungwana wa aina yake.

Sasa mbinu, maana uchovu huu watu wameuchunguza haswa. Kwanza kabisa, usivute kwa bega. Mvuto unaanzia miguuni, unapita kiunoni, mkono unamalizia tu. Halafu legeza vidole kati ya mvuto na mvuto. Msuli uliokazwa bila kupumzika unabana mishipa ya damu inayoulisha, na ndiyo maana kiganja kinachokamata fimbo kwa nguvu muda wote kinakufa ganzi mapema. Kuna pia mkanda mpana wa kiunoni wenye kikombe mbele. Kitako cha fimbo kinakaa humo, mzigo unagawanyika nyongani badala ya kuchoma tumbo. La mwisho ni kubadili mtindo wenyewe. Mjapani mmoja, Norihiro Sato, ndiye aliyeujenga mtindo wa jigi la polepole. Jigi linakuwa pana kama jani, fimbo nyembamba inayoruka kama springi. Unazungusha rili kidogo, fimbo yenyewe inaliinua jigi, kisha unaliacha lianguke likiyumba. Samaki analipiga wakati linaanguka. Yaani mtu alikaa akafikiri jinsi ya kuutoa uzito begani na kuutupia kwenye fimbo.

Na hapa ndipo penye lile jambo lililonisumbua.

Kwenye boti ile kuna ndugu yangu, mtoto wa ami, ana miaka 22. Ni baharia. Kazi yake ni kufunga vyambo, kuosha sitaha, kumwonyesha mteja namna ya kuvuta. Lakini mteja akichoka na kukaa, ndugu yangu huchukua fimbo akaendelea, ili jigi lisilale. Samaki akila, anamkimbizia mteja fimbo, mteja anavuta, anapigwa picha. Sikumwona mteja hata mmoja aliyefanya hivyo kwa ubaya. Ni utaratibu tu. Nikakumbuka kwamba kwa kanuni za IGFA, chama kinachotunza rekodi za uvuvi huu duniani, fimbo ikishaguswa na mtu mwingine wakati samaki yuko kwenye ndoana, samaki huyo hawezi kuwa rekodi. Kanuni yenyewe inakiri kwamba samaki ni wa aliyechoka.

Boti ilikuwa na mikanda minne kwa wateja wanne. Ndugu yangu hana mkanda. Jioni, tukiwa tunakunywa chai ya tangawizi pwani, alipandisha fulana akanionyesha. Chini ya kitovu ana duara jeusi, ukubwa wa kizibo cha chupa, pale kitako cha fimbo kinapokaa. "Mwanzo liliuma," akasema. "Sasa pamekuwa pagumu." Akaongeza kuwa bega la kulia likilala vibaya usiku linamwamsha.

Tukaenda kwa ami. Ami alivua mshipi zaidi ya miaka 30, kwenye ngalawa kwanza, baadaye kwenye mashua za watu. Nilipompa mkono na kumwamkia, alinipa kiganja ambacho hakijifungi. Vidole vimesimama nusu, kama bado vimeshika uzi. Kwenye kidole cha shahada ana mfereji ambao mshipi umeuchimba, ingawa alikuwa akijifunga vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Nikamwekea jigi kiganjani. Akalipima uzito.

"Hili chubwi," akasema. "Limepakwa rangi."

Nikamweleza habari yote. Mita 80, mivuto 1,600, wateja wanavyomwagiwa maji. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hebu nambie mwanangu. Hao wanalipwa, au wanalipa?"

"Wanalipa, ami."

"Wanalipa ili wachoke?"

"Ndiyo."

Akanyamaza kidogo, akacheka peke yake. "Basi mie miaka yote ile nilikuwa kwenye starehe, wala sikujua."

Ndugu yangu alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi nilicheka nusu.

Kisha nikamwonyesha ami ile mbinu ya kuvuta kwa miguu na kiuno niliyofundishwa botini. Akaniangalia kama ninayemfundisha kula. Akakaa chini, akaegemeza unyayo kwenye mguu wa meza kana kwamba ni taruma la mashua, akavuta uzi usiokuwepo kwa kujilaza nyuma. Mikono yake haikusogea hata inchi. "Anayevuta kwa mkono hafiki alasiri," akasema. "Huvuta kwa kukaa."

Kwa hiyo ujuzi haujakosekana. Alichokisema ami ndicho alichokisema mwongozaji wa boti ya kisasa, na nadhani ami alikijua zamani kabla yake. Kinachokosekana ni mtu wa kuuhesabu uchovu wa ami. Uchovu wa anayelipa umehesabiwa mpaka gramu ya mwisho. Umetengenezewa fimbo fupi, uzi laini, glovu, mkanda, mtindo mzima kutoka Japani. Uchovu wa anayelipwa unaitwa kazi, na kazi kwetu sifa yake ni kuvumilia. Magazetini tunaandika bei ya samaki, tunaandika baruti, tunaandika mashua iliyozama. Bega la mvuvi haliandikwi, kwa sababu halizami siku moja. Linazama kwa miaka 30, mvuto mmoja mmoja.

Sisemi mchezo huu ni mbaya. Uongo huo sitausema, maana nilipenda. Kuna dakika moja popa inapolipuka na nyuma yake maji yanafura, unasahau kiwiko. Na boti zile zinalipa mishahara Nungwi, ndugu yangu amenunua mabati kwa bahashishi za wateja. Ninachosema ni kwamba tumepata bahati ya ajabu. Watu wamekuja kwenye bahari yetu na maarifa kamili ya namna ya kuvuta kitu kizito kutoka majini bila kujivunja, na maarifa hayo yanashuka botini kila jioni yakiwa yamening'inia kiunoni mwa mgeni, yanarudi hotelini. Mkanda ule si roketi. Ni kibao, kikombe na utepe.

Siku mbili baadaye tuliutengeneza. Tulichukua kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili, urefu wa kidole, tukakibana kwenye kibao cha mti chenye upana wa kiganja. Nyuma ya kibao tukagandisha soli ya ndara kuukuu iwe mto. Mkanda ulitoka kwenye kiti cha gari bovu lililolala karibu na gereji, na fundi viatu akashona kwa uzi wa kushonea tanga. Ami alisimamia, akakataa mara mbili namna kibao kilivyokaa. Alisema kikae chini zaidi, juu ya mfupa wa nyonga, si tumboni. Alikuwa sahihi.

Ndugu yangu ameufunga kiunoni tangu siku hiyo. Juzi alinipigia simu. Nahodha aliuona, akaugeuzageuza, akauliza umenunuliwa duka gani. Alipoambiwa, akaagiza miwili, ya mabaharia wengine. Ami amesema atatoza.

Wikiendi njema, wadau. Na ukimkuta mvuvi feri anakupimia changu, mwangalie vidole kabla hujaanza kubishana bei.